Historia na Kilatini: abaki chuo cha Mtwara au aende Mlimani?

Mwana wa Mikindani: Wakuu, habari za humu. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Historia ataisoma, hilo halina mjadala. Shida ni Kilatini: kaanza kukisoma kwa padri wa parokia yetu na hataki kukiacha. Tunapima mawili, chuo cha Stella Maris hapa hapa Mtwara akitokea nyumbani, au Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mnashaurije?

Korosho Ghafi: Kilatini? Walimu wa Kiswahili wenyewe wako mtaani wanasubiri ajira.

Mwalimu Nachingwea: Korosho, acha utani, ingawa hujakosea. Akichukua ualimu atakuwa na masomo mawili ya kufundishia, na Kilatini shule za kawaida hakipo, kimebaki seminari. Kwa hiyo Historia na Kiswahili vimpe mkate, Kilatini kiwe cha pembeni. Kwa mpango huo chuo kidogo kinafaa zaidi: mhadhiri anakujua kwa jina, ukiandika insha mbovu anakuita. Mlimani unaweza kukaa kwenye ukumbi wa mamia usiulizwe swali muhula mzima. Ila kwa maktaba Mlimani hawana mpinzani, na akiolojia ipo.

Binti Kilwa: Shikamoo mwalimu, naomba nikupinge kidogo. Kabla ya chuo, tumuulize huyo mdogo wetu anataka historia ipi. Ya Roma? Basi Kilatini hakikwepeki. Ya huku kwetu? Tarehe ya Kilwa, yaani kitabu cha kale cha historia ya masultani wa Kilwa, iliandikwa kwa Kiarabu, na mwanahistoria Mreno João de Barros akaisimulia kwa Kireno karne ya 16. Msafiri wa Moroko Ibn Battuta, aliyefika Kilwa 1331, naye simulizi yake ni ya Kiarabu. Majalada ya serikali ya wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, ni Kijerumani. Kilatini atakikuta kwenye vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni kongwe za Kikatoliki, mfano Ndanda iliyoanza 1906. Na hapo kuna utajiri: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, tarehe. Anayetafiti koo za huku hawezi kuviruka. (Masasi asijisumbue, wale ni Waanglikana toka 1876, waliandika Kiingereza.)

Mwana wa Mikindani: Hilo la vitabu vya ubatizo nimemsomea, kafurahi mno. Je, Kilatini kitamsaidia kwenye Kireno?

Mwalimu Nachingwea: Marahaba Binti Kilwa, nimekubali. Kitamsaidia sana, Kireno ni mtoto wa Kilatini. Mimi ningemwacha Mtwara shahada ya kwanza, jioni aendelee na padri, Mlimani aende kwa uzamili akishajua anachotafuta. Mwambie tu aangalie mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kama masomo yake yanaruhusiwa pamoja, asiamini maneno ya kijiweni.

Korosho Ghafi: Mmesahau boom, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Ukiwa kwenu Mtwara linavuka mwezi. La Dar linaishia kwa mwenye nyumba Ubungo.