Wana wa Kikwajuni: Umra na pembea ya Qiddiya

JUMANNE

Nassor (Maskati), 20:14
Assalamu alaykum jamaa wote wa Kikwajuni na mlioko nje. Ile Umra tulokubaliana harusini nataka majina kabla ya Ijumaa. Na nna ombi langu nalisema wazi mapema asije mtu akasema Nassor kaficha, tukimaliza Makka na Madina tupite Riyadh siku mbili. Qiddiya pale wamefungua bustani ya michezo ya Six Flags mkesha wa mwaka mpya wa 2026, na ndani mna rolakosta, ile pembea ya treni inayokwenda mbio relini, yaitwa Falcons Flight, mita 195 kwenda juu, kilometa 250 kwa saa, njia yake imepita kilometa nne. Haijawahi kujengwa kama hiyo popote

Nassor, 20:15
Nani yumo?

Nassor, 20:41
Naona mmesoma watu kumi na moja na hapana alojibu

Mamdogo Fatma (Unguja), 20:58
Waalaykum salaam mwanangu. Nani alochukua sufuria langu la harusini? Lile kubwa la masikio mawili. Silioni toka Jumapili

Nassor, 20:59
Litapatikana inshaallah Mamdogo. Umra unakwenda?

Mamdogo Fatma, 21:03
Umra nakwenda. Lakini sufuria kwanza, nimeazimwa shughuli ya Alkhamisi

Rukia (London), 21:30
Nassor Umra nimo na hiyo kosta nimo pia, ila usinitajie spidi kana kwamba ndo kila kitu. Mie kosta ya Hyperia ya Thorpe Park huku Uingereza nimeipanda mara sita toka waifungue 2024. Mita 72, kilometa 130 kwa saa, njia yake haitimii hata kilometa moja, ukiisoma kwenye karatasi utasema mchezo wa watoto. Lakini wallahi ikishapanda unapinduliwa hukohuko juu halafu unashuka unajisokota, mwili mzima unatoka kitini na kilokushika ni kile chuma cha mapajani tu, mabega huru, unaelea. Formula Rossa tulopanda Abu Dhabi ni upepo wa uso. Sekunde tano za mwanzo tamu kweli, baada ya hapo ushazoea

Nassor, 21:36
Da Rukia hapo ndo nataka unisikilize. Formula Rossa ni ya 2010, ina kisukumo cha haidroliki, kamba inavuta treni mara moja tu kama ndege inavorushwa melini, unafika 240 ndani ya sekunde tano hivi kisha ndo basi, iliobaki unatumia ulichopewa. Hii mpya ni sumaku na inasukumwa zaidi ya mara moja njiani. Inakwenda mpaka kwenye jabali la Tuwaiq, inapanda, inajitupa ukingoni kwenda bondeni, halafu inasukumwa tena. Yaani hamu haikwishi pale mwanzo. Na alojenga ni kampuni ya Intamin, walewale walotengeneza Formula Rossa, wamejivunja rikodi yao wenyewe

Rukia, 21:38
Ukingo wa jabali? Hapo tunazungumza sasa

Mamdogo Fatma, 21:44
Kilometa 250 baibui langu litafikia wapi jamani

Rukia, 21:45
Litafika Dodoma Mamdogo hahaha

Mamdogo Fatma, 21:46
Basi likifika Dodoma nalo litafute sufuria langu

Ami Juma (Pemba), 21:50
😂😂😂

Nassor, 21:52
Jamani nazungumza jambo. Baibui unavaa la mikono ya kubana na mtandio wa michezo ule wa kuvuta kichwani, hapana pini. Rossa walitupa miwani sote kwa ajili ya mchanga na wadudu, Da Rukia anakumbuka. Majina Ijumaa

Mamdogo Fatma, 21:57
Na ikikwama juu?

Nassor, 22:05
Suala zuri na nitakujibu sawasawa. Ile kosta ya Kingda Ka ya Marekani ilikuwa inasukumwa chini ipande mita 139 wima, na mara mojamoja ilikosa nguvu ya kupita kileleni, ikateleza kurudi ilikotoka. Walijua itatokea ndo maana kule chini waliweka breki za sumaku zinainuka zenyewe, treni inapunguzwa taratibu, abiria wanarushwa tena. Breki zile hazitaki umeme wala mtu wa kubonyeza, chuma kikipita katikati ya sumaku kinajizuia chenyewe. Wanaojenga vitu hivi wameshafikiri ya kukwama kabla yako Mamdogo wangu

Mamdogo Fatma, 22:07
Sijaelewa ila nimetulia

JUMATANO

Khamis (New Jersey), 03:12
Nimeona sasa, nilikuwa kazini. Mie Umra mwaka huu sidhani, likizo sina. Lakini kwa hiyo kosta nasema nendeni. Kingda Ka nimeipanda labda mara ishirini, ile foleni ya saa mbili kwa kitu cha nusu dakika, na kila mara nilikuwa nasema thamani yake ipo. Unakaa pale taa inabadilika, kimya, hujui sekunde gani, halafu mgongo umegandana na kiti na ushafika 206. Kule juu kwa kufumba na kufumbua unaona miti yote ya Jackson ipo chini yako

Nassor, 06:20
Khamis mimi na wewe kuna deni na nalisema mbele ya watu. 2019 nilikuwa kwako nina siku nne. Nikasema twende. Ukanambia baridi, upepo, ngoja majira ya joto utarudi. Nikangoja. Ikaja korona, nikangoja. Novemba 2024 wakatangaza imeshafungwa, hata kuaga hapana, na Februari 2025 wakaiangusha kwa baruti. Wewe ndo ulonitumia video. Nimeitazama mara moja sijairudia. Ile kitu ilisimama toka 2005, miaka kumi na tisa watu wakipanda, na mimi nilikuwa umbali wa saa moja kwa gari

Nassor, 06:22
Ndo maana nawasukuma. Vitu hivi si mlima, vinaondoka

Khamis, 06:30
Nisamehe ndugu yangu. Kweli nilisema ngoja

Ami Juma, 07:15
Ngojangoja huumiza matumbo

Nassor, 07:16
Ami Juma umo?

Nassor, 09:02
Ami Juma?

Nassor, 12:40
Mpaka sasa nnao mimi, Da Rukia, Mamdogo kwa sharti la sufuria. Said na shemeji nawaweka. Bibi nitampigia

Salha (Maskati), 13:55
Shemeji usiniweke

Nassor, 13:56
Kwanini tena shemeji?

Salha, 14:21
Mie si mtu wa kuandika sana humu, mnanijua. Umra naitaka kwa moyo wote. Ya Riyadh mnitoe. 2023 Abu Dhabi mlisema tunakwenda wote. Mahir na Muhsin hawajafika sentimita 140 wasiruhusiwe Rossa wakaanza kulia, nikaambiwa Salha kaa nao mara moja tutabadilishana. Nimekaa nao, na mwanangu wa miezi saba kifuani, na mifuko sita, na viatu vyenu. Toka adhuhuri mpaka alasiri imeingia. Mkashuka Rossa mkaenda Flying Aces, kosta nyengine ya palepale, mkarudi mkaenda ile mpya ya ndani ilofunguliwa mwaka ule. Kila mkishuka mnacheka mnasimulia, mnachukua maji kwangu mnaondoka. Mie hizo kosta nilikuwa nazitaka kuliko nyinyi. Nilishazisoma zote kabla hatujatoka Maskati. Flying Aces ile loop yake, kile kitanzi cha njia, mita 52 najua, ilifunguliwa 2016 najua, sijaipanda

Salha, 14:22
Sikusema siku ile. Nasema leo

Mamdogo Fatma, 14:40
Viatu vyangu nilivaa mwenyewe mie

Nassor, 14:44
Shemeji mtoto alikuwa ananyonya tukaona

Salha, 14:45
Mlionaje bila kuniuliza?

Nassor, 14:58
Said naona unaandika toka dakika kumi sasa

Nassor, 15:30
Said

Rukia, 17:10
Wifi nimesoma nimenyamaza nimerudi kusoma tena. Mimi ndo nilopanda Rossa mara tatu siku ile. Tatu. Ya pili ilikuwa yako. Nilijua pale pale kwenye foleni na nikapanda

Salha, 17:48
Ahsante kwa kulisema

ALKHAMISI

Simu ya Bibi (anaandika Maryam), 08:33
Assalamu alaykum. Bibi kasema nimsomee yote toka mwanzo nimemsomea. Anataka niandike kama anavosema nisiongeze

Simu ya Bibi (anaandika Maryam), 08:52
Nassor mjukuu wangu. Makka haiwi kituo cha njiani. Mtatoka majumbani kwenu kwa nia ya Umra, si kwa nia mbili. Mkishatimiza mkatulia, hayo mengine ni matembezi na matembezi hayana ubaya. Lakini yasitangulizwe mbele kwenye maneno, wewe umetaja mita na kilometa kabla hujataja ihramu.
La pili. Salha sikumzaa lakini ni mwanangu. Siku ile ya Abu Dhabi nilimpigia, akanambia Bibi sote wazima tunafurahi, na sauti yake haikuwa ya mtu anofurahi. Nilisikia. Nikanyamaza nikasema ya wenyewe. Nilikosea.
Basi kama mtakwenda huko kwenye pembea, Salha anapanda wa mwanzo. Watoto nitakaa nao mie. Mifuko na viatu mtashika nyinyi wanaume.
La tatu. Mnaniona mzee mnadhani sijui. Mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, sikukuu, Mnazi Mmoja, mie nina miezi mitatu ya ndoa. Babu yenu akanipandisha pembea ya mbao ile wanosukuma kwa mkono. Watu wakasema mke wa mtu mzima huyo. Akasema mwacheni apande. Akasimama chini kunishikia makubadhi yangu mpaka nikashuka. Mpaka leo nikifumba macho tumbo linapanda.

Simu ya Bibi (anaandika Maryam), 08:53
Kamaliza. Kaenda kulala kidogo

Said (Maskati), 09:41
Nimesikia Bibi. Viatu nitashika mimi. Salha nitazungumza nawe nyumbani

Ami Juma, 09:50
Allah akuweke Bi Mkubwa

Khamis, 10:15
Allahumma amin. Nimelia mie huku treni imejaa watu

Nassor, 10:22
Bibi akiamka msomeeni hii. Nimekosa kwa Umra na nimekosa kwa shemeji, yote mawili. Shemeji nisamehe, sitosema mtoto alikuwa ananyonya. Jina lako silirejeshi mpaka uniambie mwenyewe

Nassor, 10:40
Sasa jamani kwa utulivu. Umra kwanza, hayo ya Riyadh yako chini yake. Amana riali 50 kila mtu kabla ya Ijumaa, mlioko Unguja kwa hisabati ya shilingi mtampa Ami Juma. Sisi wa Maskati tunaingia Saudia kwa kitambulisho, walioko na paspoti ya Tanzania na Da Rukia wanataka viza. Aulizwe wakala kama viza ileile ya Umra inatosha kwenda Riyadh, nataka jibu la wakala si la mtu alosikia. Na Bibi goti lake, kutoka Madina mpaka Riyadh tusimpitishe kwa gari, ni karibu kilometa 850, apande ndege na mtu wa kumsukuma kiti. Nani atasukuma?

Mamdogo Fatma, 11:05
Shughuli ni leo jioni na sufuria sinalo!!

Ami Juma, 11:31
Sufuria liko kwangu Pemba. Lilikuja na vyombo vingine kwenye boti

Mamdogo Fatma, 11:32
Juma!!!

Mamdogo Fatma, 11:32
Siku nne umekaa kimya unatia vichekesho tu!

Nassor, 11:34
Mamdogo tafadhali, nani atasukuma kiti cha Bibi?

Ami Juma, 11:40
Boti ya kesho nalileta

Mamdogo Fatma, 11:41
Kesho nipikie nini nalo?

Nassor, 13:15
Jamani kiti. Na wakala

Salha, 16:27
Kiti cha Bibi nitasukuma mie

Salha, 16:28
Makka na Madina. Kule Riyadh asukume mwengine, mimi nitakuwa foleni

Nassor, 16:29
Alhamdulillah! Naandika jina?

Salha, 16:50
Sijasema uandike. Da Rukia nina suala. Mtu akipata nafasi ya mara moja tu achague mbele au nyuma? Nimesikia mbele ndo raha

Rukia, 17:02
Mbele unaona na upepo wote wako, kwa Rossa ningekwambia mbele bila kufikiri. Lakini hii inajitupa ukingoni wifi. Wa mbele wanavuka pole pole, treni bado haijakolea. Wa nyuma wanavutwa, mbele kunaanguka na wewe bado hujafika ukingoni unaburutwa juu yake, hapo ndo unatoka kitini. Kaa nyuma kabisa

Salha, 17:05
Nyuma

Nassor, 17:06
Kwa hiyo naandika?

Nassor, 19:44
Na wakala nani kampigia?