Naomba ushauri: "Wdr." na "serahangi" kwenye karatasi za babu

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Baada ya bibi kufariki tulifungua kasha lake, tukakuta karatasi za babu, nyingine pembe zimeshaliwa na mende.

Moja ni ya hati za Kiarabu, lugha ya kwetu. Baada ya jina lake pameandikwa "serahangi". Nyumbani tumekua tukiambiwa babu alikuwa nahodha. Ninavyojua mimi, serahangi ni msimamizi wa mabaharia, yuko chini ya nahodha. Nilipomwambia ami, alinuna siku mbili! Je, zamani watu wa majahazi waliweza kuyachanganya majina haya?

Ya pili imepigwa taipu kwa Kiingereza: jina, "b." (hiyo ni bin, haina tabu), kisha "Wdr. Gr. II, H.M.P." Nahisi ni askari jela wa daraja la pili, na H.M.P. ni jela ya Mfalme. Tena bibi akisema babu "akifanya kazi Ngomeni", na Ngome yetu ilikuwa jela kuanzia 1910 hadi 1984. Lakini baharia kuingia uaskari jela? Au ni watu wawili wa jina moja? Huku kwetu majina hurudiwa mno, mjukuu huitwa kwa babuye.

Aliyewahi kutafuta rekodi za watumishi wa zamani katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, anielekeze: nianze na jina, au na idara ya magereza?