Naomba ushauri: nijiunge na ligi ya bolingi ya wenzangu wa kazini?

Mgeni_Ohio
Habari zenu wakuu. Niko Columbus, nafanya kazi ghalani, zamu zinabadilika kila mara. Wenzangu wamenikaribisha kwenye timu yao ya bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito uangushe pini, ligi ya kila Jumatano kuanzia Septemba hadi Aprili. Hadi sasa nacheza kwa kukodi viatu na kuokota mpira wowote wa ukumbi. Mzee wa timu anasema bila mpira wa rezini sitafika popote, halafu hapohapo analalamika kwamba rezini ndiyo iliyoharibu mchezo. Nimshike kwa lipi? Nataka sana kucheza, ila sitaki kuwaangusha wenzangu.

Fundi_Matundu
Mkuu, mzee yuko sahihi kote kuwili. Mipira ya zamani ya raba ngumu, na ya plastiki iliyofuata, ilikuwa inateleza tu, kwa hiyo mkono ndio ulifanya kazi yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaja yurethani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 rezini. Rezini ina vinyweleo vinavyofyonza mafuta yanayopakwa kwenye njia ya mpira. Ikifika mafuta yanapoishia inashika mbao na kukata kona kwa nguvu kuelekea pini ya kwanza. Alama zikapanda, na mchezo kamili wa alama 300, za juu kabisa, ukaacha kuwa habari ya mji mzima.

Wewe anza na plastiki, ila utobolewe kwa kipimo cha kiganja chako. Mpira wa ukumbi una tundu pana la gumba, unaubana usianguke, na ukishabana mkono haugeuki vizuri. Plastiki haitakuwa hasara hata ukinunua rezini baadaye: ndiyo utakayoitumia kupiga pini moja iliyobaki pembeni. Ukinunua wa mtumba, angalia tundu la ziada la kusawazisha. USBC, chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, ililipiga marufuku tangu Agosti 2020.

Bibi_wa_Detroit
Mwanangu, jiunge. Chama kikubwa cha zamani cha mchezo huu, ABC, kilianzishwa 1895, na kanuni zake zilifunga mlango kwa asiye mzungu hadi 1950. Ndiyo maana wachezaji weusi waliunda chama chao hapa Detroit mwaka 1939, na chama hicho bado kipo. Chama cha wafanyakazi wa magari kilikuwa miongoni mwa waliopigania ule mlango ufunguliwe. Wewe umekaribishwa na wenzako wa kazini bila kuomba. Hilo si jambo dogo, wapo waliolililia.

Zamu_ya_Pili
Naheshimu hayo ya mipira, lakini kilichopunguza ligi zaidi ni maisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wanachama wa ligi walipita milioni 9, leo ni kama milioni 1. Kiwanda kilikuwa na timu zake, na ligi zilipangwa kufuata zamu, nyingine zikichezwa asubuhi kwa waliotoka usiku. Viwanda vikafungwa. Sasa kumbi nyingi zinategemea sherehe za watoto na wachezaji wa wikendi.

Kwa hiyo swali lako kubwa ni ratiba. Ligi nyingi zinadai ada ya wiki hata usipotokea, na timu inaandikiwa wastani wako wa alama uliopunguzwa. Uliza kama unaweza kuwa mchezaji wa akiba, au tafuta ligi fupi ya kiangazi. Handikapu, yaani alama za nyongeza kwa mwenye wastani mdogo, itawabeba wenzako, kwa hiyo wastani mdogo usikutishe. Uliza pia kama pini za ukumbi huo zimefungwa kamba za kuziinua: zinaanguka tofauti, na USBC inazihesabu kama kundi la peke yake, mbali na pini za kawaida, tangu 2023.

Mgeni_Ohio
Asante sana, na shikamoo Bibi. Nitaomba nafasi ya akiba, plastiki nanunua wiki hii. Fundi, nikapimwe kiganja nikitoka zamu?

Fundi_Matundu
Hapana, ukibeba maboksi usiku kucha gumba linavimba. Lala kwanza, nenda mchana.