Wasanii mnaokuja Mtwara kutuhubiria mazingira huku shoo inaendeshwa na dizeli, imetosha sasa!!

Wakuu habari za mchana. Nina hasira, uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Huku Mtwara tumeletewa msanii mkubwa na kampeni yake ya mazingira. Jina sitaji maana mashabiki wake watahamia kwenye matusi hoja ife. Bango limeandikwa NISHATI JADIDIFU, yaani nishati isiyoisha kama jua na upepo, tisheti za kijani kila kona, watoto wa shule wametolewa darasani kuja kumpokea, halafu nyuma ya jukwaa majenereta ya dizeli yananguruma tangu asubuhi wanajaribu spika mpaka usiku wa manane, moshi wote unaingia kwenye nyumba za watu. Jua hili hili tunaloanikia korosho, hakuna hata paneli moja ya kuchajia simu!

Ila kilichoniuma zaidi ni mikoko. Walienda ufukweni na miche na kamera wakaipanda juu kabisa kwenye mchanga mkavu, pale maji yanafika siku za bamvu tu, bahari ikijaa kupita kiasi. Mkoko unataka tope, unataka maji kujaa na kupwa, na kila aina ina sehemu yake, mlilana unakaa mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenyewe unafuata kwenye tope, mchu ndo unavumilia huku nyuma. Mvuvi yeyote wa Mikindani anayajua haya na kuna mzee aliwaambia nikiwepo, akajibiwa "mzee subiri kwanza tumalize kushuti". Wakamaliza wakapanda magari wakaondoka. Miche yote imekauka, vile vifuko vyeusi vya nailoni wameviacha pale pale kasa waje wavimeze, na video bado ipo kwenye peji yake inakusanya laiki.

Halafu jukwaani akasema gesi ya mitungi ni nishati jadidifu. Mbele ya watu wa Mtwara! Gesi inachimbwa hapo Mnazi Bay, bomba la kwenda Dar lilizinduliwa 2015, 2013 watu waliandamana hapa kwa ajili ya hiyo gesi na kuna waliopoteza maisha, leo unakuja kutufundisha gesi na hujui hata kwamba hiyo ya kwenye mitungi inakuja kwa meli toka nje. Mtungi ni bora kuliko mkaa, hilo sibishi, mama yangu kifua kimemsumbua miaka yote kwa moshi wa kuni. Ila gesi ukiichimba inaisha, jua haliishi, asiyejua hilo asipewe maiki aongee na watoto wa watu.

Na asije mtu kuniambia haiwezekani. Coldplay, bendi ya Uingereza, 2019 walisema hawaendi ziara mpaka wajue namna ya kupunguza uchafuzi, waliporudi 2022 wakaja na betri za kuchaji, sakafu inayozalisha umeme mashabiki wakiruka na baiskeli za kupiga pedali, na 2024 wakatangaza hewa chafu ya kila shoo imepungua kwa asilimia 59 ukilinganisha na ziara yao ya 2016-17. Massive Attack, bendi nyingine ya Uingereza, mwaka huo huo 2024 walipiga shoo mjini kwao Bristol kwa betri. Mtasema wazungu wana hela, haya, mwanamuziki Akon je? Asili yake Senegal, 2014 alianzisha mradi wa kupeleka sola kwenye nchi za Afrika, mnaweza kubishana umefika wapi ila alianza na taa, hakuanza na tisheti.

Simwambii mtu ajenge mtambo. Angefunga sola kwenye zahanati moja tu ya kijijini mama ajifungue kwenye mwanga, hela aliyolipwa usiku ule nina uhakika inatosha na inabaki.

Sasa nataka majibu. Nani aliruhusu watoto watolewe darasani? Nani anarudi kupanda ile mikoko upya, safari hii na wavuvi wakiwepo? Waandaaji najua mpo humu mnasoma, jibuni hapa hapa. Na mwenye picha za ile miche ilivyo sasa hivi aziweke, maana wameshaanza kutangaza kwamba wanaenda Lindi na kampeni hiyo hiyo, watu wa Lindi wazione kabla hawajafika.