Naomba ushauri: jina la Columbo nilichukulie kuwa kosa?

Habari zenu wakuu. Naorodhesha makosa yaliyomo katika Columbo, ile tamthilia ya polisi ya Marekani, na nimekwama pahali. Luteni Columbo, mhusika mkuu, jina lake la kwanza halitamkwi kabisa, akiulizwa, hukwepa. Ila katika kipindi cha "Dead Weight" cha 1971 anatoa kitambulisho, na ukisimamisha picha unasoma Frank. Nimerudia mara kadhaa, nikaivuta karibu, ni Frank tu. (Lile jina la Philip analopewa na wengine tuliache, ulikuwa mtego wa mwandishi wa vitabu vya chemsha bongo.)

Je, maandishi ya kifaa cha kuigizia yana uzito sawa na maneno ya wahusika? Na kama hayana, niliandike kama kosa au niliache?