Nimepandisha kondoo wa Kimasai na dume la Dorper, kizazi cha pili kimenichanganya kichwa

mfugaji_handeni:
Wakuu habari za jioni. Niko Handeni, nafuga kondoo kidogo tu, nilianza na majike 22 wale wekundu wa Kimasai, miaka mitatu iliyopita nikaenda hadi upande wa Namanga nikanunua dume la Dorper, wale kondoo wa nyama wa Afrika Kusini, lenye kichwa cheusi, pesa niliyotoa nikimwambia mke wangu hadi leo tutagombana. Uzao wa kwanza ulikuwa raha, wamezaliwa 19, rangi zilichanganyika kidogo ila miili inafanana, miezi sita nikawapima kwa mizani ya magunia wengi wanagonga kilo 27, 28, wakati wale wa Kimasai pyua umri huo walikuwa hawafiki 20.

Sasa ada ya shule ikanibana nikauza lile Dorper, nikabakiza dume moja katika wale krosi, zuri kweli, kichwa cheusi tii, nikaliachia lipande majike krosi wenzake. Hapo ndio shida ilipoanza. Wamezaliwa 17 na kila mmoja ana lake. Kuna wenye mkia mwembamba kama mbuzi, kuna wenye mkia wa mafuta, wawili mgongoni wana sufu imegandamana haidondoki mpaka wanabeba miba yote ya porini, dume moja linaota pembe, mmoja mweusi mwili mzima (hakuna mweusi hata mmoja kwangu!), mwingine kazaliwa jicho linatoa machozi tu, ukope wa chini umejikunja kwa ndani. Na baada ya masika wamekufa wanne, wamevimba chini ya taya kama wameweka limao.

Je niliuziwa Dorper feki? Picha zinagoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua.

mzee_wa_boma:
Hukutapeliwa bwana, dume lilikuwa sawa, uliyekosea ni wewe ulipolibadilisha na mtoto wake.

Mimi niko Kajiado na haya mambo tumeyaona zamani, miaka ya 70 huku Kenya serikali ilisukuma sana madume ya Dorper yauzwe kwa bei nafuu, kila mtu akapandisha akifurahia ukubwa, lakini hakuna aliyetuambia baada ya kizazi cha kwanza ufanye nini. Saa hii kutafuta Red Maasai, hao wekundu wa Kimaasai, ambaye hajaingiliwa ni kazi, unazunguka maboma siku nzima.

Dorper mwenyewe ni krosi usisahau. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza, ambaye ni wa sufu na ana pembe, na yule Mpersia mweusi kichwa, ambaye jina tu ni la Persia lakini asili yake ni Somalia huku kwetu, nywele fupi na mafuta matakoni. Dor na Per, ndiyo jina. Kwa hiyo damu ya sufu na pembe iko humo ndani, wao wamechagua miaka mingi wakaituliza, wengi hawana pembe na sufu ile kidogo hujinyonyoa yenyewe. Ukichanganya na Kimaasai, kizazi cha kwanza kila mmoja amepata nusu ya baba nusu ya mama, ndiyo maana wanafanana na wana nguvu. Ukipandisha hao kwa hao karata zinachanganywa upya, mmoja anapata mkia wa nyanya, mwingine sufu ya babu, na ile nguvu ya ziada ya krosi inapungua nusu. Sijawahi kuona mtu amefanya hivyo akapata kondoo wa kueleweka.

kijana_wa_mnada:
Huyo mweusi muulize dume la jirani 😂😂

dada_wa_mifugo:
Jirani asingiziwe tu, inawezekana kabisa. Kwenye kondoo kuna weusi wa aina mbili, kuna unaotawala, huo mtoto hawezi kuwa nao kama hakuna mzazi mweusi, na kuna wa kujificha, mzazi anaubeba ndani na yeye mwenyewe hauonekani, mpaka akutane na mwenzake anayebeba hivyohivyo ndio kwa wastani mmoja kati ya wanne anatoka mweusi. Kwa hiyo kaka wa Handeni huyo mweusi ukimlea ni kondoo kama wengine, nyama yake sio nyeusi.

Ila mimi kilichonistua ni kwamba hilo dume krosi na hao majike krosi wote baba yao mmoja. Umepandisha kaka na dada wa baba mmoja, hapo uzao unapata asilimia 12.5 ya kukaribiana damu, na baba kwa binti ni 25. Hapo ndipo vitu vya kujificha vinaibuka, weusi ni mzuri tu, lakini ukope wa kujikunja nao hurithiwa. Ukiuwahi siku za mwanzo unaukunjua kwa kidole mara kadhaa kwa siku unaweza kukaa sawa, ukiuacha zile kope zinakwaruza jicho mpaka linapofuka. Sasa kosa wanalofanya watu ni kumtibu akapona alafu wakamuweka mbegu. Mtibu, mnenepeshe, muuze. Na madume angalia korodani ziwe mbili zimeshuka, angalia na meno ya chini yakutane na ule ufizi wa juu, taya isiwe fupi wala isichomoze.

mfugaji_handeni:
Duh dada hapo kwenye baba mmoja sikufikiria kabisa, niliangalia uzuri wa dume tu. Na vile vifo je?

shamba_kwale:
Vifo ni minyoo ndugu yangu, huo uvimbe wa taya ni damu imekwisha. Mnyoo wa tumbo unaonyonya damu, jike moja hutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku, na mnyoo mmoja hunyonya kama nusu ya sehemu ya kumi ya mililita kwa siku, sasa piga hesabu kondoo mwenye minyoo 1,000 anapoteza mililita 50 kila siku, kitoto cha miezi mitatu hakiwezi.

Hii ndio sababu kuu mimi nimerudi kwa hawa wekundu. Huku Pwani Dorper hufa kama kuku. ILRI, ile taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, walifanya utafiti hapa Diani miaka ya 1990, wakafuga Dorper, wekundu na krosi zao pamoja kwenye malisho yaleyale, wakawa wanahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi na kupima wingi wa damu, na wekundu walikuwa na mayai machache, damu nzuri na vifo pungufu. Dorper ni mkubwa kweli, lakini mkubwa aliyekufa una faida gani, ukihesabu kilo zinazofika sokoni kwa kila jike, huku kwenye unyevu mwekundu anashinda. Kule ukame, Kapiti na Kajiado, minyoo michache, hapo Dorper anapata nafasi.

Na hii hairithiwi kama rangi kwamba jeni moja ndio au hapana. Ni jeni nyingi kila moja kidogo kidogo, ndio maana kwa kizazi chako cha pili kuna waliochukua ugumu wa nyanya zao na kuna waliotoka mikono mitupu, na huwezi kuwajua kwa mkia wala kichwa. Funua ukope wa chini utazame rangi ya nyama ndani. Wenzetu wa Afrika Kusini wana kadi ya FAMACHA yenye rangi tano, moja nyekundu, tano nyeupe kama karatasi, kuanzia nne unampa dawa, vitoto hata tatu usingoje. Usiwape dawa wote kila mwezi, minyoo itazoea dawa na utakuwa huwajui wagumu ni nani. Andika namba za wanaorudia rudia kuwa weupe.

mfugo_monduli:
Mimi napingana kidogo na mzee wa Kwale. Nina Dorper wa kutosha Monduli na wako fiti, ila wanakula, nawapa marejea, yale majani ya jamii ya kunde, na pumba kiangazi, na siwalishi kwenye nyasi fupi zenye umande asubuhi. Watu wanachukua mnyama wa lishe wanamtembeza kilomita 10 kwenye vumbi alafu wanasema mbegu mbaya. Krosi ni nzuri ukijua unaishia wapi. Weka majike wekundu pyua, dume Dorper pyua, watoto WOTE uza, hata wale majike wazuri wanaokutia tamaa. Na sehemu nyingine ya majike unawapandisha kwa dume jekundu ili upate mama wa kesho. Basi. Ila kwa majike wadogo wanaozaa mara ya kwanza usiwape Dorper jitu, kitoto kinakwama.

mzee_wa_boma:
Monduli amesema vizuri. Na mtu asidanganyike kuchagua dume kwa sababu alizaliwa pacha akidhani watoto wote watakuwa mapacha, upacha hurithiwa kidogo sana, lishe ya jike kabla ya kupandwa ndiyo ina nguvu zaidi. Kukua haraka hurithiwa vizuri zaidi, kwa hiyo mizani yako ya magunia endelea nayo.

mfugaji_handeni:
Wakuu leo asubuhi nimekaa mlangoni mwa zizi kabla hawajatoka nikamshika mmoja mmoja nikafunua macho. Nimechoka. Lile dume langu la kichwa cheusi, lile zuri, jicho jeupe kabisa kama la mtu mwenye safura. Na kuna kijike kimoja cha rangi ya udongo, mkia umepinda, nilikuwa nimekipanga kukiuza Idi, jicho jekundu kama nyanya, na mama yake hivyohivyo. Wale wanne waliokufa nimejaribu kukumbuka mama zao, wawili wametoka kwa jike moja.

Dume nimelitoa kwenye majike leo leo. Jioni nimempigia mzee mmoja wa Kimasai huku kwetu ana dume jekundu lenye mkia kama sahani, nikamwomba tubadilishane. Nikamwambia ukweli kwamba langu macho ni meupe na limepanda dada zake. Akacheka, akasema yeye halitaki kwa majike, ana harusi ya kijana wake.

dada_wa_mifugo:
Kama ushalipa dawa ya minyoo nyama yake isiliwe kwanza, mwambie harusi isogezwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

mfugaji_handeni:
Nimelipa jana usiku. Ngoja nimpigie tena.