Mtoto anakohoa wiki ya tatu na jicho linaganda tongotongo: waliopitia hili tupeane uzoefu

Mama Shufaa: Wakuu habari za usiku. Mwanangu ana wiki 10. Wiki ya tatu sasa anakohoa, kikohozi kikavu, homa hana. Jicho la kulia linatoa tongotongo tangu ana siku 10. Asubuhi kope zimegandana mpaka nilowanishe na pamba. Duka la dawa walinipa matone, yanakata siku mbili tatizo linarudi. Mlifanyaje?

Kisima cha Babu: Kamulia maziwa yako jichoni, dada. Wanangu wote 4 walipona hivyo. Kifua mrambishe asali na maji ya kitunguu.

Nesi wa Zamu: Mkuu, asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapana. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliviwezi, mtoto akalegea mwili mzima. Na jichoni msiweke maziwa wala chai ya rangi. Chemsha maji yapoe, chukua pamba safi, futa kuanzia upande wa pua kwenda nje. Kila ukifuta, pamba mpya.

Kisima cha Babu: Bibi zetu walilea watoto kumi bila hizo kliniki zenu.

Mwali wa Tanga: Bibi yangu mimi alizaa 9, wakakua 5.

Baba Wawili: Wa kwangu njia ya machozi ilikuwa imeziba. Tulifundishwa kukanda kwa kidole kwenye kona ya jicho, pembeni ya pua, tukishuka chini. Ikafunguka akiwa na miezi 8. Kifua nacho kilikuwa moshi, jiko la mkaa tulikuwa tunapikia koridoni mlangoni kwa chumba. Tulipolitoa nje kikaisha.

Usiku wa Manane: Nimesoma hii mikono inatetemeka. Ni mwaka wa 7 na sijawahi kumwambia mtu. Mwanangu alianza hivihivi. Tongotongo siku ya 8, matone, yakaisha, yakarudi. Alipofika mwezi na nusu akaanza kukohoa. Hakuna makohozi, ni koh, koh, koh mfululizo, anavuta pumzi, anaanza tena. Homa hana, na hiyo ndiyo iliyonipa moyo nikakaa nyumbani. Usiku mmoja namfunua nimbadilishe nepi, naona ngozi chini ya mbavu inazama ndani kila akivuta pumzi, na midomo imekuwa zambarau. Tukapanda bodaboda, nimemfunga kifuani, namwita jina njia nzima.

Alikaa kwenye oksijeni siku 4. Daktari akatuita mimi na mume wangu, akafunga mlango. Akasema ni klamidia, ugonjwa wa zinaa, mtoto kaipata kwangu wakati wa kujifungua. Mwanamke anaweza kukaa nayo bila dalili yoyote. Matone ya macho hayaimalizi. Mtoto akapewa erithromaisini ya kunywa siku 14, na sisi wawili tukatibiwa pamoja. Mume wangu muda wote alikuwa anaangalia sakafu.

Kamanda 77: Huyo mume ndiye aliyeleta. Asikudanganye.

Fundi Mwandamizi: Umejuaje? Inaweza kukaa mwilini kimya muda mrefu, labda ilikuwepo kabla ya ndoa. Wanaume tunahukumiwa bila kesi.

Mwali wa Tanga: Mtoto wa watu anakohoa hapa nyie mnatafuta nani kalala na nani. Fungueni uzi wenu.

Baba Wawili: Pole sana, Usiku wa Manane.

Nesi wa Zamu: Mama Shufaa, akiwa ametulia amelala, mfunue kifua uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake, ikifika 50 au ikizidi usingoje asubuhi. Na mkifika anza kueleza tongotongo, ukisema kikohozi tu watatibu kifua tu.

Mama Shufaa: Nimehesabu mara mbili. 54, halafu 56. Baba yake katoka kutafuta bajaji, kadi ya kliniki ninayo mkononi. Usiku wa Manane, wa kwako yuko darasa la ngapi sasa?

Usiku wa Manane: La kwanza. Nenda mdogo wangu, nenda.